Taa ya Kuteremka Nayo Mushaki

Siku ambayo mama anayetengeneza jibini pale Mushaki alitutangazia kwamba ataanza kuwasha moto kabla ya kucha, nilijua nahitaji taa ya baiskeli. Gari linalobeba jibini lake kwenda Goma lilikuwa limebadili saa ya kuondoka, naye si mtu wa kubembelezwa. Sufuria ikishajaa, anayefika na maziwa anarudi nayo kwao.

Mimi ndiye niliyeteremsha maziwa ya majirani wetu wenye ng'ombe, bidoni moja, yaani dumu, kila upande wa baiskeli. Maharagwe na viazi tulilima wenyewe, lakini chumvi, sabuni na makaye ya kuandikia shuleni vilitoka kwenye bidoni zile. Baba na mama walipofariki niliacha shule ili wadogo zangu waendelee, na waliendelea. Sikutaka giza la asubuhi ndilo liwatoe darasani.

Njia yetu inafuata mgongo wa kilima, inapita malisho, kisha inaanguka kwenye bonde lenye mawe kabla ya kutokea barabara ya Sake. Mchana naiteremka huku naongea na watu. Gizani ni jambo lingine, kwa sababu kwato za ng'ombe huchimba mashimo mapya kila siku ya mvua, na shimo la jana si la leo.

Siku ya soko nilikwenda na dada yangu anayenifuata, ambaye ana ulimi kuliko sisi wote. Muuzaji wa tochi alikuwa na kibanda cha shiti la plastiki, na taa zake zilining'inia kwenye kamba. Shida ya kununua taa sokoni ni kwamba unainunua kwenye jua. Yule Papa, ndivyo tunavyowaita wanaume wa umri wake, alikuwa na dawa yake: blanketi zito la sufu, ambalo mteja anaingia chini yake pamoja na taa.

"Ingia, kaka," aliniambia, akiinua pembe ya blanketi. "Huku inje ku jua taa zote ziko sawa. Humu ndani njo utaona ukweli."

Niliingia. Naye akaingia nyuma yangu. Blanketi lilinuka moshi na vitunguu. Nje mama mmoja aliyekuwa anapita alipaza sauti: "Ee, munalala muchana hivi? Na kazi nani atafanya?"

"Tuko tunafanya kazi, Mama!" muuzaji alijibu kutoka ndani.

"Kazi gani ya kujifunika?"

Watu walicheka. Dada yangu naye akaingiza kichwa, na sasa tulikuwa watatu tunapumuliana. Muuzaji aliwasha taa mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya kufunga kichwani kwa mkanda, na mwanga wake ulikuwa mweupe, mwembamba na mkali. Ya pili ilikuwa fupi nene, na mwanga wake wa rangi ya uji wa mahindi ulisambaa chini bila haraka. Bei zao zilikaribiana, na zote mbili nilikuwa naziweza.

"Hii kubwa inafika mupaka Masisi centre," muuzaji alisema.

"Papa, sisi tunateremka hapa hapa Mushaki," dada yangu alimjibu. "Ya kufika Masisi uuzie batu ba kule." Kisha akanigeukia mimi kaka yake. "Yaya, chukua hii fupi. Inanionesha miguu yangu yote. Ile kubwa inanionesha tu ndevu za huyu Papa."

"Ndevu zangu ziko na shida gani?"

"Hazina shida, Papa. Lakini hatutapita juu yake na velo ya maziwa."

Nilichukua ile kubwa. Mtu akishaona mwanga unaochoma namna ile chini ya blanketi, ni vigumu kutoka na mwingine. Njiani dada yangu alinitazama nilivyoivaa kichwani mchana kweupe, akauliza: "Unataka kuona njia, ao unataka batu bakuone?"

Siku za kwanza nilimwona yeye ndiye mwenye kosa. Mbingu zilikuwa safi na taa ilirusha mwanga hadi mti wa mwisho wa malisho. Nilifika Mushaki wakati mama wa jibini bado anapuliza moto.

Kisha ukaja ukungu, ule wetu unaopanda kutoka bondeni na kukaa kilimani kama wenyeji. Niliingia ndani yake pale njia inapoanza kuanguka. Ghafla mbele yangu hapakuwa na njia wala mawe, palikuwa na ukuta mweupe, umbali wa mkono. Nilivuta breki. Nikizima taa, giza, nikiiwasha, ukuta. Kadiri ilivyokuwa kali, ndivyo ukuta ulivyokuwa mnene. Chini ya blanketi la muuzaji hakukuwa na ukungu, na hilo hatukulifikiria hata mmoja wetu.

Nilisikia majogoo wa kule chini wakiwika. Kule Mushaki moto ulikuwa umewaka tayari. Kusukuma baiskeli yenye bidoni mbili hadi barabarani kungenifikisha sufuria ikiwa imejaa, na majirani wangetafuta mtu mwingine wa kubeba.

Niliinama kuona kama gurudumu lilikuwa limegusa jiwe. Ili nione vizuri nilivua taa kichwani, nikaishusha kwa mkono karibu na ekseli. Njia ikatokea. Mwanga ulipita chini chini, na ukungu ukabaki juu yake, hauniingii tena machoni. Kila jiwe lilikuwa na kivuli chake kirefu, na kila shimo la kwato lilikuwa jeusi ndani. Mchana wenyewe haujawahi kunionesha njia ile vizuri hivyo.

Nilifungua kipande kimoja cha mpira nilichofungia bidoni, nikaifunga taa kwenye uma wa mbele, chini kabisa, nikaikaza mpaka ikaacha kucheza. Nikateremka polepole, breki zikilia.

Mama wa jibini alikuwa amesimama mlangoni, bakuli mkononi.

"Nilikuwa nafunika sufuria," alisema.

"Kungu, Mama."

"Kungu iko ya batu bote." Hata hivyo alichota maziwa yangu kwenye kijiko, akakishika juu ya makaa. Ndivyo anavyofanya kwa kila mtu: yakichemka yakakatika, yamechacha, unarudi nayo. Tulitazama kijiko pamoja. Yalipanda, yakatoa povu, yakabaki laini.

Alitazama baiskeli yangu nje. "Na ile taa umeifunga ku muguu kama mbuzi, inaenda wapi?"

"Huko njo inaona, Mama."

"Basi nenda uizime. Kumekucha, unamaliza betri bure."

Nilitoka kuizima. Niliporudi, bidoni zangu zilikuwa tupu, na maziwa yangu yalikuwa ndani ya sufuria kubwa. Alikuwa anayakoroga pamoja na ya wengine.