Mama Mkwe Nyuma ya Pikipiki Yangu

Pikipiki zilipoletwa Singida kwa ajili yetu sisi wafanyakazi wa vijijini, hakuna aliyeuliza kama tunajua kuziendesha. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, vijiji vilikuwa mbali, na serikali ilitaka tufike. Mimi nilikuwa bibi maendeleo, msichana wa Ihanja niliyezoea baiskeli ya kaka yangu. Wenzangu walikuwa wawili. Bwana shamba alikuwa mtu mnene, mpole, mwoga wa kila kitu chenye injini. Bwana mifugo alikuwa kijana mrefu, mtanashati, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alikuwa akiendesha pikipiki tangu akiwa chuoni. Ilikuja kujulikana kwamba chuoni alipakiwa tu nyuma ya wengine.

Aliyetufundisha alikuwa mzee mmoja wa karakana, mzaliwa wa mjini ambaye baba yake alitoka pwani. Alitufundishia kwenye uwanja wa mpira. Yeye alikaa kwenye kiti kivulini, sisi tukazunguka uwanja, na kwa kuwa siku ya kwanza alituanzisha kulia, tulizunguka kulia tu, siku zote. Kulia tuliiva kabisa. Kushoto hakuna aliyekumbuka kutufundisha, na sisi hatukukumbuka kuuliza.

Mwisho mzee akasema kabla hajatukabidhi pikipiki moja kwa moja twende naye safari ya kutwa, yenye milima, auone uendeshaji wetu. Bwana shamba alipendekeza twende Ikungi, kwa kuwa njia ni tambarare na siku ile ilikuwa ya gulio. Bwana mifugo akasema Ikungi hakuna mlima wa kumpima mtu, afadhali tupite Misigiri tupande milima ya Iramba. Alilitetea jambo hilo kwa nguvu mpaka mzee akakubali.

Tuliondoka asubuhi na mapema. Nilivaa suruali ya kaka na juu yake nikafunga khanga, maana siku zile msichana mwenye suruali alisemwa kuanzia sokoni hadi kanisani. Mzee alitangulia, nyuma yake amefunga dumu la petroli na mfuko wa vyuma. Bwana mifugo alimfuata, mimi nikamfuata bwana mifugo, na bwana shamba alikuwa mahali fulani nyuma ya vumbi. Kila kona ya kulia tulikata vizuri kama maaskari wa gwaride. Kila kona ya kushoto tulitawanyika. Bwana shamba alikuwa na njia yake: akifika kona ya kushoto anazima, anashuka, anaisukuma pikipiki mpaka kona iishe, kisha anapanda tena.

Tulipopumzika Misigiri kunywa chai, nilimwona bwana mifugo akijificha nyuma ya kibanda. Alikuwa anajifuta vumbi viatuni kwa kitambaa na kuchana nywele. Shati alilovaa lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. Nilimuuliza ng'ombe wa Iramba wameanza lini kuangalia mashati. Akacheka kwa aibu, kisha akanieleza. Alikuwa amechumbia huko juu milimani, posa imekubaliwa, na harusi ilikuwa baada ya mavuno. Alitaka tu apite pale kijijini akiwa juu ya pikipiki, wakwe wamwone, basi. Bwana shamba aliposikia akaniambia kwa unyonge kwamba kumbe sisi wengine tunahatarisha maisha ili mtu aonwe.

Baada ya Misigiri njia ilianza kupanda, ikawa nyembamba, yenye mawe na makorongo ya mvua. Hapo bwana mifugo alisahau kwamba mzee ndiye kiongozi, akampita. Tulimwona juu yetu akipotea kwenye kona na kutokea kwenye kona nyingine, shati linapepea. Kisha tukasikia pikipiki ikinguruma, ikakohoa, ikanyamaza.

Tulipofika tuliwakuta kina mama kadhaa wamesimama kando ya njia na mizigo yao kichwani. Pikipiki ilikuwa imelala katikati ya njia. Bwana mifugo alikuwa ndani ya kichaka cha miiba, amezama mpaka kifuani, anaangalia chini kwa heshima. Mmoja wa wale kina mama, mwenye fimbo mkononi na khanga kichwani, alikuwa mama mkwe wake. Kijana alimwona ghafla, akataka kusimama ili amwamkie kama inavyotakiwa, na kwenye mlima ule mguu wake haukuipata breki. Pikipiki ilirudi nyuma, na yeye akarudi nayo.

"Shikamoo mama," alisema kutoka kichakani.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, uso ameugeuzia pembeni kama desturi inavyomtaka mtu na mkwewe. Kisha akauliza taratibu, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Mnyama wako anaumwa?"

Wale kina mama wengine walijifunika midomo kwa khanga. Mzee wetu alijifanya anakagua tairi. Tulimtoa bwana mifugo mwiba kwa mwiba, na alipogeuka tukaona kwamba suruali imechanika nyuma kwa urefu ambao sitausema.

Wakati mzee ananyoosha mkono wa klachi uliopinda, kina mama walianza kuzungumza wao kwa wao Kinyiramba. Mmoja akatueleza kwamba mwenzao, yule mwenye fimbo, anaumwa goti, ametoka kumtazama dada yake mgonjwa bondeni, na mlima uliobaki ni mrefu. Je, hao wanyama wetu hawabebi mtu? Mzee alikuwa ametukataza kabisa kupakia. Alipotazama lile goti lilivyovimba, akaanza kukagua pikipiki moja moja. Nyuma ya pikipiki yake kulikuwa na dumu na vyuma. Bwana shamba alisema kwa unyofu kwamba anaona shida kujibeba mwenyewe. Mkwe hawezi kumshika mkwe kiuno, hilo halikuhitaji kusemwa. Wote wakanigeukia mimi.

Mama alinitazama, akatazama khanga yangu, akatazama suruali iliyochungulia chini yake.

"Wewe ni msichana au mvulana?"

"Msichana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nitapanda."

Sijawahi kuogopa kama siku ile. Alinikumbatia kwa mikono miwili, fimbo yake ikiwa imelala mbele ya tumbo langu, na tukaanza kupanda. Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Mimi nikainamia kushoto, yeye kwa woga akainamia kulia, tukaenda moja kwa moja kuelekea kwenye korongo. Nilimwomba, "Mama, lala ninakolala." Kona iliyofuata alilala nami vizuri sana, akanizidi, tukawa tunakaribia kugusa ardhi. Baada ya hapo tulielewana. Kila tulipompita mtu alitaka nisimame asalimie. Nilimweleza kwamba nikisimama hatutaondoka tena, kwa hiyo akawa anasalimia kwa sauti tukiwa tunapita, na jibu la mtu tunaliacha nyuma.

Alipozoea mwendo alileta mdomo karibu na sikio langu akaanza kunihoji. Huyo kijana anakunywa? Ana mwanamke mwingine huko mjini? Ana hasira? Nilitambua kwamba nimekamatwa, maana siwezi kushuka. Nilimwambia kweli tupu: hanywi, mwanamke sijamwona, ila anajisifu kupita kiasi. Nikamwambia pia kwamba mwezi uliopita ng'ombe wa mjane mmoja alikwama akizaa, na huyo huyo mtanashati alivua shati akalala kwenye matope tangu asubuhi mpaka ndama akatoka hai, na hakumwambia mtu yeyote. Mimi niliambiwa na yule mjane. Tulipita watu wawili, mama akawasalimia kwanza.

"Kujisifu kutaisha," alisema hatimaye. "Binti yangu anajua kukata maneno."

Pale nyumbani kwake tulipokewa kwa vigelegele, na watoto wakaizunguka pikipiki yangu. Bwana mifugo alifika baadaye sana, akateremka kiubavuubavu, akatafuta kigoda cha karibu na ukuta akakalia. Tulikaribishwa ugali wa mtama, mlenda na kuku. Wote walipoinuka kunawa, yeye aliletewa maji pale pale. Mchumba wake alipita mara mbili, akamtazama, akaenda jikoni kucheka. Tulimsikia.

Ndipo baba mkwe, mzee mwenye sauti nzito, akasema kwa kuwa bwana mifugo yupo, aje zizini amwone ng'ombe mmoja asiyekula. Kijana alinitazama kama mtu anayezama. Nilifungua khanga yangu nikampa. Akajifunga kiunoni, akaenda zizini nayo akiwa kama bibi arusi, na mimi nikabaki na suruali ya kaka mbele ya wazee wote wa ukoo. Alimfungua ng'ombe mdomo, akatoa kipande cha mfupa kilichokwama pembeni ya meno, na alipomaliza khanga ilikuwa imejaa samadi. Baba mkwe alifurahi. Khanga ile sikuidai.

Kurudi tulishuka taratibu, bwana mifugo safari hii akiwa wa mwisho, nyuma hata ya bwana shamba. Mzee wa karakana alitukabidhi pikipiki wote watatu juma lile, baada ya kuturudisha uwanjani kuzunguka kushoto.

Walioana baada ya mavuno. Nilialikwa, na nilipofika nilichukuliwa nikakalishwa na wazee wa kike wa upande wa binti, karibu na mama. Alikuwa anawasimulia wageni ile safari yetu. Kila alipoanza upya aliongeza mlima mmoja, na jioni ilipoingia mimi na yeye tulikuwa tumepita mahali ambapo mpaka leo sijapaona.