Wafalme wa Solanki na Kikombe Changu cha Bati

Ba alipoanza kunisimulia habari za wafalme wa Solanki, nilijua ana lake jambo. Mama mzee wa Kihindi haketi mlangoni pa duka, Nyeri, katika baridi ya Julai, ampigie fundi wa cherehani hadithi za bure.

Nilikuwa nikishona kwenye veranda ya duka la vitambaa la mwanawe. Mwanawe alimwita Ba, yaani mama, nasi tukafuata. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mji mzima ulinong'ona kwamba Wahindi wasio raia watanyimwa leseni za biashara. Mwenye duka aliapa kwamba haendi popote. Sikumwamini hata kidogo. Wateja walinunua kitambaa ndani, wakatoka nje niwapime. Duka likienda, nami nimekwenda, na nilikuwa na watoto shuleni. Kwa hivyo nilikaa chonjo. Kila asubuhi nilichungulia rafuni kuona kama vitambaa vimepungua. Picha ya mungu wao ikisogezwa ukutani, nilitaka kujua kwa nini.

Na kulikuwa na jambo la kikombe. Chai ya Ba ilikuwa tamu, yenye tangawizi, lakini yangu niliinywea nje, kwa kikombe cha bati kilichotundikwa kwenye msumari kando ya dirisha. Wao hawakula nyama, na vyombo vyao havikuguswa na sisi tunaokula. Ilikuwa desturi, niliambiwa. Iliniuma kila siku. Mtu mmoja tu wa kwetu alivuka desturi hiyo, wakala aliyewauzia vitambaa vyao katika masoko ya Kiriaini na Wang'uru. Mwenye duka alimpenda sana, akamketisha ndani na kumpa chai kwa gilasi ya nyumbani. Tulisali naye kanisa moja. Alinisalimia kwa Kikuyu akipita, nami nilijivunia kumwona ameketi mle.

Ba alisema kwao ni Patani, Gujarati, kule India, na kwamba zamani sana ukoo wa Solanki ulitawala pale. Alizungumza juu yao kama majirani waliohama juzi. Malkia wao mmoja alimjengea marehemu mumewe kisima cha ngazi, unashuka ghorofa kwa ghorofa, kuta zote zimechongwa miungu, mpaka unayafikia maji. Mto ulikuja kukijaza mchanga. Nilikanyaga cherehani nikitikisa kichwa, huku najiuliza huyu mama ananipeleka wapi.

Siku ya tatu au ya nne akafika mwisho wa ukoo. Adui wa nje alikuja akapora, alisema, lakini si yeye aliyewamaliza. Mfalme alikuwa amechoka, na kulikuwa na ukoo mwingine uliomtumikia, ukamlindia mali, ukala chakula chake. Mfalme akauamini. Polepole amri zikawa zao, na mwishowe kiti nacho kikawa chao. Aliposema hivyo alinitazama usoni. Kisha akaniuliza kama watu wa kanisani kwetu husaidiana kupata maduka.

Damu ilinichemka. Kumbe ndiyo hadithi yenyewe! Mimi ndiye mtumishi anayenyemelea kiti. Nilimjibu kwamba sijui lolote kuhusu maduka, nikageuza cherehani nikampa mgongo. Alijaribu tena kesho yake nikajifanya nahesabu vifungo. Baada ya hapo aliacha, akawa anakaa mlangoni, shali kichwani, na chai yangu ikaletwa na mtumishi wao wa nyumbani.

Kisha siku moja ya soko wakala alikuja na karatasi ya leseni, na watu wawili wa kupima rafu. Leseni ilikuwa ya duka lile, kwa jina lake mwenyewe wakala. Mwenye duka alisimama nyuma ya kaunta, mikono haijui iende wapi. Alikuwa amemtuma wakala huyohuyo ofisini mara kadhaa amfuatilie leseni ya duka, kwa kuwa wakala alijua wakubwa.

Ba alitoka nje akashika ukingo wa cherehani yangu.

"Fundi," alisema, "mimi iliambia wewe mara mingi. Mtoto yangu hapana sikia mimi. Nilitaka wewe iseme huyu ni mtu gani."

Nikamwambia nilidhani ananisema mimi. Alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi, akakiangalia kile kikombe msumarini.

"Wewe chai yako iko nje," akasema. "Mimi nasema ya ule anakunywa ndani."

Nilikuwa nimemshuku kila mtu katika duka lile isipokuwa aliyenisalimia kwa lugha ya mama yangu.

Ba na mwanawe waliondoka kabla ya mvua za Oktoba. Ba alinishika mikono yote miwili, nami nikalia, ingawa sikuwa nimepanga. Jumatatu iliyofuata yule wakala, sasa mwenye duka mpya, alinisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto, kisha akasema veranda anaitaka kwa magunia ya mchele wa Mwea. Akaniita ndani kwanza tunywe chai, eti sisi ni watu wamoja. Nilikitoa kikombe changu msumarini, nikakitia kwenye kikapu pamoja na mkasi, nikamwambia nimezoea kunywea nje.