Mvukuto wa Ndayisenga

Kasanda nzima inamjua Ndayisenga, mhunzi. Jembe lake unalima nalo mpaka mpini uchoke. Ila siku hizi watu wanamtaja kwa jambo jingine, na hilo ndilo ninalowashwa kuwasimulia. Sogeeni.

Mjukuu wake, Ininahazwe, mtoto wa miaka mitatu, alishikwa na nimonia. Walimkanda, wakamfukiza majani, na kila kukicha kifua kikazidi kwenda mbio. Midomo ilipogeuka rangi, ndipo mzee alipompakata kwenye pikipiki hadi hospitali, Kibondo.

Muuguzi, Firdausi, alimbana mtoto kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni mwilini, akaangalia namba, kisha akaukimbilia mtungi wa oksijeni. Ndayisenga akamzuia njiani.

“Mwanangu, huo hapana! Kwetu aliyewekewa mtungi harudi.”

“Babu, harudi kwa sababu mnatuletea amekwisha! Mtungi unasingiziwa bure. Hebu mtazame kifuani.”

Mzee akatazama. Mbavu zinaingia, zinatoka, zinaingia, na midomo bado bluu. Mara akapiga paja.

“Yewe! Huu si mvukuto wa kupulizia moto, uliotoboka? Unavuta kwa nguvu zote, upepo haufiki kwenye makaa!”

“Ehee! Na makaa yakikosa upepo?”

“Yanazima.”

“Basi mwili wake ndiyo makaa. Moyo, ubongo, vyote vinataka oksijeni. Dawa itaziba tundu, lakini inachelewa. Mpaka izibe, mtungi ndio utampulizia.”

“Sasa umesimama unanihubiria nini? Weka!”

Kabla mipira haijaingia puani, mzee alimpigia simu mkewe, Maximilla: “Mtoto anawekwa kwenye mtungi. Ombeni.” Chaji ikaishia hapo.

Kule wodini, jamani, ilikuwa kama kutazama mpira! Namba themanini na mbili. Themanini na tano. Mzee ameinama juu ya kile kifaa, anakihimiza kama anavyohimiza chuma: “Panda! Panda, mama!” Ilipofika tisini na tatu akaruka, kofia ikaangukia kitanda cha jirani. Midomo ya mtoto ikarudisha wekundu wake.

Sindano ziliendelea, na kesho yake asubuhi Ininahazwe akafumbua macho akadai uji. Mzee akaazima simu ya Firdausi. Ilipopokelewa tu, akasikia vilio.

“Maximilla! Nani kafa?”

“Si mtoto? Mwenyewe umesema mtungi! Majirani wameshaleta kuni za msiba, na shangazi yuko njiani kutoka Munanila!”

“Kafa nani? Anakunywa uji huyu! Msikilize!”

Ininahazwe akasema kwenye simu, “Bibi, sukari kidogo.”

Vile vilio viligeuka vigelegele, hata mzee akaisogeza simu mbali na sikio. Maximilla akauliza, huku anacheka na kulia, “Sasa kuni za watu nizirudishe?”

“Urudishe nini? Chemsha maharage, wale!”

Wakala kweli, na shangazi akakuta ngoma.

Ndiyo maana leo mama akipita na mtoto mgongoni, Ndayisenga husimamisha nyundo, asikilize pumzi. Akisikia mbio, haulizi mengi.

“Mvukuto huo umetoboka, dada. Wahi Kibondo, makaa yangali mekundu. Na wakileta mtungi, sema asante.”