Udi Ndani ya Gari la Wageni

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, najua mna betri majumbani mwenu, za sola na za runinga, na mnazisukumia chini ya kitanda kama viatu vya zamani. Kaeni basi niwaeleze betri ni kitu gani. Mimi sikusoma sana. Chuo cha Kurani nilifika, na masomo ya ngumbaru nilikwenda nikiwa mtu mzima. Lakini hili sikufundishwa na mwalimu. Nililiona, na mpaka leo likitajwa mbele za watu natazama chini.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea mwisho, nasi tukikaa Mwabungo, upande wa njia ya kwenda Galu. Mwanangu wa kwanza alikuwa dereva wa hoteli, na kwa mshahara wake tulikuwa tumevuta umeme, jambo ambalo majirani wengi hawakuwa nalo. Siku moja akaja akivuta kwa kamba gari refu, jeupe, lenye mapazia. Jirani akaanza kusoma Fatiha, akidhani ni gari la maiti. Kumbe lilikuwa gari la nyumba. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, jiko, na beseni la kuoshea vyombo. Wenyewe walikuwa mzee na bibi yake, wageni wa Ulaya, ambao walikuwa wametoka kwao wakilala humo humo njia nzima. Gari liliwafia mchangani karibu na kwetu, na yule bibi alikuwa akitetemeka kwa homa.

Ilikuwa malaria. Mwanangu akampeleka hospitali Msambweni, akalazwa. Gari likabaki uani kwetu, kando ya banda la kuku. Mzee akawa analala humo, na kukicha anakwenda kukaa na mkewe.

Sasa, gari lile lilikuwa na betri mbili. Moja ilikuwa mbele, ya kuwashia injini. Ya pili ilikuwa kubwa, ya taa na friji, nayo imekaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hiyo ya chini ya kitanda ndiyo iliyokuwa imechoka sana. Mzee akapitisha waya kutoka dirishani kwetu, akaiunga na chaja aliyoinunua Ukunda, na kila asubuhi akawa anaitazama kama mtu anayetazama kitovu cha mtoto mchanga. Anafungua vifuniko, anachungulia kama maji yamefunika vile vibati vya ndani. Yakipungua, anaongeza maji ya betri ya kwenye chupa. Nilimwambia kisima kipo, ya nini kununua maji? Akachovya kidole kwenye ndoo yetu, akaonja, akatema.

"Chumvi, mama. Betri hapana penda chumvi."

Ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vya betri aliusugua kwa magadi na mswaki mkuukuu, akapangusa mpaka pakakauka. Nami nilikuwa nikimtazama nikisema moyoni, mwanamume mzima, na mkewe yuko hospitali, anaosha betri.

Kazi ya kuliangalia gari mchana alimpa mkaza mwana wangu, mke wa huyu mwanangu dereva. Alikuwa msichana wa Mkongani, mtulivu, mwenye kumaliza shule, na hakuwa ameolewa muda mrefu. Kila mzee anapoondoka husimama mbele yake na kumwambia maneno yale yale: "Dirisha wazi. Siku yote wazi. Moto hapana." Nyumba nzima ikapata mchezo. Mashemeji wakimkuta jikoni wanamwambia, "Moto hapana, bi harusi! Leo twala wali mbichi?" Naye anawajibu bila kugeuka, "Moto upo. Wali ndio hapana."

Ikafika siku ya yule bibi kuruhusiwa kutoka hospitali. Mzee aliondoka mapema kwa furaha, akiwa na mwanangu na gari la hoteli, wala hakuichungulia betri. Chaja aliiacha ikifanya kazi.

Mimi nina desturi yangu, niliyoikuta kwa mama yangu. Mgonjwa akirudi nyumbani hapokewi na chumba kikavu. Hutandikiwa, humwagiwa asumini juu ya mto wa kulalia, na chumba hufukizwa udi mpaka harufu ya ugonjwa ikimbie. Mgeni ndiye zaidi. Nikasema watu hawa wametoka mbali, wasije wakasema walilala kwa watu wasiojua kupokea. Mkaza mwana akafagia gari, akatandika shuka zetu za arusi. Nami nikasimama mlangoni, maana kidato chake kilikuwa juu na magoti yangu hayakukipenda, nikaingiza kichwa ili nione.

Nikakutana na harufu ya mayai viza.

Niliona haya hata kabla hajaja mtu wa kunitia haya. Nikadhani kuku wangu amepata njia akataga humo ndani. Nikamwambia mkaza mwana atafute kila pembe, na yai hakuliona. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaweka mkono juu ya lile sanduku.

"Mama, harufu yatoka huku. Na sanduku lina joto. Sikiliza, kama lachemka."

"Basi lete chetezo tufukize."

"Mama, si tuchomoe waya kwanza, tumngoje mzee?"

"Mzee yuaja na mgonjwa. Wataka awaingize katika uvundo huu?"

"Alisema moto usiingie."

"Kaa moja la udi ndilo moto? Mzee ajua mambo ya gari. Kupokea mgonjwa ni kazi yangu."

Akainuka, akajipangusa magoti. Kisha akasema, kwa adabu ile ile, "Haya, lakini madirisha yabaki wazi."

Nikamcheka. Nikamwambia, "Udi na madirisha wazi? Wataka kuufukizia upepo?" Nikazunguka kwa nje nikayasukuma moja moja mpaka yakafungika, nikamwambia awashe kaa. Mkaza mwana hashindani na mama wa mumewe, hilo alifundishwa kwao, na mimi nililijua wakati nikimtuma.

Alipanda na chetezo mkononi. Nikamwambia akiinamishe pale chini, penye harufu.

Lile sanduku likapasuka kwa mlio ambao sikuwa nimepata kuusikia. Kuku waliruka banda zima. Kitanda kiliinuka, moshi mweupe ukatoka mlangoni, na ndani ya moshi akatoka yeye, ameziba uso kwa mikono miwili, kanga yake ikitoboka mbele ya macho yangu kama iliyoliwa na mchwa. Na mimi, sikilizeni nilivyosema. Nilisema, "Godoro la watu!"

Hilo ndilo neno langu la kwanza. Mtoto wa mtu amesimama mbele yangu hana macho, nami nalilia godoro.

Yeye ndiye aliyepiga kelele, "Maji! Mama, maji!" Hapo ndipo nikashtuka. Nilikuwa nimeweka mtungi na ndoo za kunawia wageni. Nikamlaza chini nikammwagia usoni, nikamfungua kope kwa vidole, nikamwagia, majirani wakinipokeza ndoo kutoka kisimani. Maji yale yale ya chumvi. Alikuwa akiyataka tu, hakuyalalamikia.

Tukiwa katika hali hiyo, gari la hoteli likaingia. Yule mzee aliona moshi, akaona kanga, akakimbia akachomoa waya wa chaja nyumbani kwetu, akarudi akapiga magoti matopeni, akanionyesha kwa mkono: maji, maji, usiache, na asisugue. Baadaye wakampakia kurudi Msambweni, hospitali ile ile waliyotoka. Bibi mgonjwa aliyekuja kupumzika kwangu ndiye aliyekipakata kichwa cha mkaza mwana wangu njiani, akimdondoshea maji ya chupa machoni. Mimi nilikaa nyuma na ndoo. Asumini ilikuwa imenikwama kwenye nywele, nikaitoa nikaitupa dirishani.

Mwanangu alinieleza hospitali, kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Betri ikichajiwa kupita kiasi maji yake huchemka, na hutoa hewa usiyoiona ambayo hushika moto kuliko petroli. Dirisha likiwa wazi, hewa hiyo huenda zake. Likifungwa, hukaa ikingoja cheche. Ile harufu ya mayai viza ndiyo alama ya betri inayoungua, na dawa yake ni kuzima chaja, kufungua milango, na kukaa mbali mpaka ipoe. Na maji yaliyo ndani si maji bali ni asidi. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Mama, wewe huambiwi."

Habari zilifika Mkongani. Mama yake mkaza mwana akaja, mwanamke mkulima, mwembamba, na kikapu cha mihogo mkononi. Hata katika msiba ule hakuja mikono mitupu. Tukasalimiana kwa kirefu, kama ipasavyo wakwe. Alimkuta mwanawe kitandani, macho yamefungwa kwa bandeji, na daktari hajasema kama ataona au hataona. Akamuuliza, "Mwanangu, imekuwaje?"

Akajibu, "Nilijikwaa, mama. Chetezo kikaniponyoka."

Alinisitiri. Amelala gizani, hajui kama atauona tena uso wa mumewe, na anatafuta nguo ya kunifunika mimi. Mama yake akamwambia, "Mbona wewe hukuwa mtu wa kujikwaa?" Wauguzi walikuwepo, mwanangu alikuwepo, na yule bibi wa Ulaya ameketi ukingoni mwa kitanda cha pili. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikasema, "Mkwe, hakujikwaa. Alinikataza, nikamtuma. Alisema madirisha yaachwe wazi, nikayafunga mimi."

Yule mama hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Nilikupa uwe mama yake." Akageuka, akaanza kumenya muhogo.

Walipofungua bandeji, jicho la kulia lilikuwa linaona. La kushoto lilibaki na ukungu, na lina ukungu mpaka leo. Mama yake akamchukua Mkongani akapone kwao, na mwanangu akawa anakwenda kila siku ya mapumziko. Wageni, gari lao lilipotengenezwa, waliondoka kabla mkaza mwana hajarudi. Mzee alininunulia kanga, akaniambia kosa lilikuwa lake, hakuizima chaja. Sikuweza kuivaa kanga ile.

Nilikwenda Mkongani mara ya kwanza kumwomba mkaza mwana arudi, mama yake akasema bado. Nikaenda tena. Siku aliporudi niliwakusanya wote barazani, wanaume na wanawake, kabla hajafungua mzigo wake. Nikamwagiza mumewe aitoe nje betri moja ya akiba aliyokuwa akiichaji nyuma ya mlango wa chumba, akaitoa wakitazama. Kisha nikasema:

"Katika nyumba hii betri haitachajiwa tena ndani. Itachajiwa nje penye upepo, na hapo hapawashwi kitu, si sigara, si udi. Na huyu mkaza mwana wangu akisema 'ngojeni', kila mtu aweke chini alichoshika, mimi wa kwanza."