Unene wa Apolinaria

Wifi yangu Apolinaria, mke wa kaka yangu Modest, aliitwa mnyonyaji kwa sababu ya unene. Na unene wenyewe haukuwa unene, yalikuwa maji.

Tulihamishiwa kijiji kipya huko Usinge mwaka wa sabini na nne. Shamba la ujamaa, kila mtu na jembe lake, asiyefanya kazi na asile. Apolinaria akilima kidogo tu anahema, anakaa chini. Usiku hawezi kulala chali, anaegemea gunia la mtama. Na huku miguu inajaa, tumbo linajaa. Sisi wengine tumekonda kwa njaa ya mwaka ule, yeye anatuna! Basi, ulimi hauna mfupa. "Huyu anakula wapi?" Mwenyekiti wetu, Lugembe, akasema mkutanoni kwamba kupe hunenepa kwa damu ya wengine. Watu wakacheka. Modest akainamisha kichwa, mwanamume mzima!

Mimi nikamkokota hadi zahanati. Mganga, Damas, akambonyeza mguuni kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Akauliza kama utotoni aliwahi kuumwa koo, kisha viungo vikavimba. Aliwahi.

"Ugonjwa ule ndio uliomharibia moyo," akaniambia. "Damu haisukumwi vizuri, maji yanabaki mwilini. Ameze vidonge hivi, vitamkojoza. Chumvi asiguse. Jembe asishike kabisa, dada, litamuua."

Akameza. Loo, maji yakatoka! Miguu ikarudi kuwa miguu, akalala chali, akaanza hata kunitania: "Wifi, sasa nakushinda uzuri." Nikafurahi sana.

Lugembe naye akaona. "Si mnaona? Mafuta yameisha, na uvivu uishe. Kesho shambani." Nikamweleza maneno ya Damas, nikayarudia. Akanijibu, "Mgonjwa gani ana kiuno kile?"

Apolinaria mwenyewe akanishika mkono. "Niache niende, wifi. Nimechoka kusemwa."

Tuta la kwanza akalimaliza. La pili akaanguka juu yake, na hakuinuka tena.

Makaburini Lugembe akahutubia: marehemu amefia kazini, tuige mfano wake. Wakapiga makofi. Kwenye kaburi, jamani! Nikamwambia mbele ya katekista na mbele ya kaka yangu, "Umemuua wewe, Lugembe." Hakuna aliyeniunga mkono, hata Modest. Asubuhi yake ngoma ya kazi ikalia, tukabeba majembe sote, na mimi nikiwemo.