Mzee Timazi Akataa Kijiko

Mzee Timazi alikuwa na adui mmoja tu hapa duniani, na adui huyo hakuwa na jino hata moja.

Alikuwa mjukuu wake mwenyewe, mtoto wa kiume wa miezi saba, aliyepachikwa jina la Bosi kwa sababu akilia tu nyumba nzima inasimama. Kila adhuhuri walikaa meza moja wakitazamana. Bosi alikaa kwenye kiti chake kirefu chenye kibao mbele, na mzee kwenye kiti cha mikono kilichosukumwa hadi ukutani asije akadondoka. Mbele ya Bosi kulikuwa na vipande vya boga na karoti, vimechemshwa mpaka vimelainika. Mbele ya mzee hapakuwa na kitu. Chakula chake kilikuwa mikononi mwa mkwewe, kimepondwapondwa ndani ya bakuli, na kijiko kilikuwa njiani.

"Fungua mdomo, baba."

Anafungua. Atafanyaje?

Msimdhanie kuwa mtu mpole. Maisha yake yote alikuwa mwashi, na hilo jina la Timazi alilipata kwa ukorofi. Alitembea na timazi mfukoni, ile kamba yenye risasi ya kupimia ukuta kama umesimama wima, na hata akialikwa chakula nyumbani kwa watu aliitoa, akaining'iniza, akamwambia mwenye nyumba kwamba ukuta wake umelala. Vijana wake wakijenga ovyo alikuwa akiupiga teke ukuta udongo ungali mbichi, mwenye jengo akitazama. Marafiki hakuwa nao. Kazi haikumkaukia.

Kisha kiharusi kikamkuta juu ya jukwaa, mwiko mkononi. Upande wa kulia ukafa. Mdomo ulipinda, maneno yakapotea, baadaye yakarudi taratibu yakiwa mazito kidogo, na matusi ndiyo yaliyotangulia kurudi. Hospitali walimlisha kwa kijiko, na hakulalamika, kwa kuwa hata mate yake yalimshinda kumeza. Siku ya kumruhusu, daktari alisema sasa anaweza kula vitu laini, mradi akae wima na asiharakishwe. Hakuna aliyemrudishia kijiko.

Tuseme kweli, alirudishiwa mara moja. Alikishika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushikilia bakuli haukuwepo, bakuli likateleza, uji wote ukamwagikia lundo la mashati meupe. Mkwewe, ambaye mtaani walimwita Mama Bosi, alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilikaa chumba hichohicho cha kulia. Mashati yalifuliwa upya, mteja akafoka, na tangu siku hiyo kijiko kikawa cha mkwe. Alimlisha haraka, macho yakiwa kwenye cherehani, akikwangua bakuli hadi tone la mwisho. Mzee alimezeshwa mchana, akamezeshwa jioni, na moyoni alikuwa anatokota.

Haya yote angeweza kuyavumilia kama si Bosi.

Kliniki, muuguzi alimwambia Mama Bosi kwamba mtoto akishaweza kukaa wima na kunyakua vitu, apewe chakula ajilishe mwenyewe. Kikatwe kirefu kama kidole cha mtu mzima, kiwe laini cha kupondeka kwa ulimi, kichwa cha kipande kitokeze nje ya ngumi yake. Mtu mwingine asimtie kidole mdomoni. Mama akae karibu, atazame, asiondoke. Mama Bosi aliyashika maneno hayo kama amri ya serikali. Na Bosi akala: boga kwenye nyusi, boga masikioni, boga sakafuni, na kidogo sana tumboni.

"Mwacheni ajifunze," Mama Bosi alikuwa akisema, huku akicheka na kupangusa.

Mzee aliyasikia maneno hayo kila siku na kila siku yalimchoma. Alimwonea gere mtoto wa miezi saba. Ilikuwa aibu, yeye mwenyewe alijua ni aibu, na hakuacha.

Siku moja Bosi alijitia kipande kikubwa kupita kiasi. Akatoa macho, uso ukamwiva, akaanza kukohoa na kutapatapa.

"Mtoto anakufa!" mzee akapiga kelele. "Kitoe! Unaangalia nini?"

Mama Bosi hakumgusa, ingawa vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa meza. "Anakohoa, baba. Akikohoa, hewa inapita. Ngoja."

Kipande kikatoka, kikaanguka kwenye kibao. Bosi alikitazama, akakiokota, akakirudisha mdomoni.

Haukupita muda, uji ukampitia mzee njia ya panya. Akakohoa hadi machozi yakamtoka. Mama Bosi alimfuta kidevu, na kabla hajavuta pumzi vizuri kijiko kingine kilikuwa mdomoni kinabisha.

"Kidogo tu, baba, tumalize."

Mzee akageuza uso. "Yule akikohoa unamngoja. Mimi nikikohoa unaniongezea. Mimi tangi la maji?"

"Yule mtoto, baba. Anajifunza."

"Na mimi?"

"Baba, unaumwa."

Aliisema kwa sauti ya upole, ile ya kumsemesha mtu asiyeelewa kitu, na mzee alitamani angalau angemtukana.

Kesho yake adhuhuri mteja alibisha hodi na shati lenye kola iliyoshonwa upande. Mama Bosi akasimama mlangoni, jicho kwa mtoto, mdomo kwa mteja. Kibao cha Bosi kilikuwa karibu na mkono wa kushoto wa mzee. Mkono ule haukujua kijiko, lakini miaka yote ya uashi ndio uliookota tofali wakati wa kulia ukipaka udongo. Kushika kitu kizima na kukipeleka mahali pake uliweza. Mama Bosi alipoinama kuitazama kola, mzee akanyakua kipande cha boga.

Mara ya kwanza kilimgonga shavuni. Mara ya pili kikaishia puani. Mara ya tatu kikaingia. Kilikuwa cha vuguvugu, hakina chumvi, kimekwisha kulambwa na mtu, na mzee alikitafuna upande wake mzima akafumba macho kwa utamu.

Bosi akapiga yowe.

"Baba!" Mama Bosi alirudi mbio. "Umemnyang'anya mtoto chakula chake?"

Mteja mlangoni akaangua kicheko. "Jamani mzee, hata kwa mjukuu?"

Mzee alibaki na boga puani. Aibu ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Ilipogeuka hasira, ikawa hasira yenyewe hasa. Jioni kijiko kilipokuja, alifumba mdomo. Kikagonga meno, hakufungua. Mama Bosi alimbembeleza, akagomba, mwisho akaliweka bakuli chini kwa kishindo na kwenda kumngoja mumewe.

Mume, ambaye ndiye mtoto pekee wa mzee, aliendesha lori la mchanga, na alirudi amechoka hoi. Alikaa mbele ya baba yake bila hata kunawa.

"Baba, kwa nini hutaki kula?"

"Nataka. Kwa mkono wangu."

"Utapaliwa."

"Nitapaliwa mimi."

"Utapaliwa wewe, tutalaumiwa sisi!" Kijana alipiga meza. "Nisikilize. Kesho nikirudi nikakuta hujala, nakupeleka hospitali wakakuwekee mpira wa kulishia puani. Nimemaliza."

Mzee aliujua mpira huo. Kwenye kitanda cha jirani wodini kulikuwa na bwana mmoja aliyewekewa, wakamfunga mikono kitandani asiuchomoe. Mzee aliogopa, tena sana. Asubuhi uji ulipokuja, alifumba mdomo vilevile.

Adhuhuri Mama Bosi alitandika kitambaa kikuukuu mezani, kingine akamfunga mzee shingoni, akikaza fundo kuliko ilivyohitajika. Kisha akambwagia sahani: boga, kiazi kitamu na karoti, vyote laini, vimekatwa virefu kama vya Bosi.

"Haya! Kula! Nimechoka kufanywa katili ndani ya nyumba yangu. Na ukipaliwa, mwanao ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe. Hilo hulioni?"

Mzee aliokota kiazi, kikamponyoka, kikaangukia mapajani. Mama Bosi akainama.

"Usiokote!"

Akaacha. Kipande cha pili kikavunjikia kidevuni. Cha tatu kikaingia. Mzee alitafuna polepole, akameza, akachukua kingine, na jasho lilikuwa linamtiririka kana kwamba yuko juu ya jukwaa juani. Vipande vitatu, vinne vikapita. Akapata kiburi, akajaza mdomo.

Kikamkwama.

Akaanza kukohoa, mabega yakiruka, macho yakimtoka. Mama Bosi alikurupuka, kiti kikaanguka nyuma yake, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa mzee. Mzee akausukuma. Ukarudi. Akausukuma tena, akikohoa, akimkodolea macho mekundu, na katika macho yale hapakuwa na maombi, palikuwa na amri.

Mama Bosi akarudisha mkono, akaukumbatia kifuani. "Anakohoa," alijiambia. "Hewa inapita. Anakohoa." Hata Bosi alikuwa ameacha kula, anatazama.

Mzee akakohoa mara moja kubwa, bonge la kiazi likatua kwenye kitambaa. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Akajipangusa mdomo kwa kiganja.

Mama Bosi alifuta machozi kwa ukali, akakiinua kiti chake, hasira zikiwa zimemrudia zote. "Vizuri. Umeshinda. Jilishe utakavyo, mimi nina kola zangu za kumalizia." Akamnyanyua Bosi, akageukia cherehani.

"Kaa," mzee alisema.

"Baba, si umetaka mwenyewe?"

"Huyo humwachi peke yake akila." Sauti ilikuwa nzito, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali haikuwa na ukorofi. "Usinishike. Usinifute. Kaa tu."

Mama Bosi alimrudisha Bosi kwenye kiti chake. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya mkwewe, mikono haikwenda popote, akawa anamtazama koo. Mzee akachukua kipande kidogo zaidi.