Menya na ya Mgeni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipopakwa majivu kichwani nikaambiwa kuanzia leo wewe ni bibi kizee. Nilikuwa darasa la tano, hapa hapa Mabawe, na aliyenipaka alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Kabula. Leo sihitaji majivu. Nywele zimejipaka zenyewe, wala hazikuniomba ruhusa.

Nimesikia unataka kuacha kikundi cha maigizo cha shule. Baba yako, jirani yangu, amesema huo ni mchezo wa watoto wasio na kazi nyumbani, na wewe mwenyewe umechoka kuchekwa na wenzako. Baba yako sitamsema vibaya mbele yako. Lakini kaa hapo kwenye mkeka, mimi niendelee kumenya ndizi zangu, nikueleze jambo moja kuhusu mchezo huo. Si habari ya furaha. Nimekaa nayo miaka mingi.

Mwalimu Kabula alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, naye akapangiwa kufundisha huku kwetu Ngara. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, na sisi watoto wa Kihangaza tulimwogopa kidogo na kumpenda sana. Alitutungia igizo fupi. Kuna mzee na mkewe, watoto wao wote wameondoka kwenda kutafuta maisha, na harudi hata mmoja. Kila jioni bibi anamenya ndizi, na mzee amekaa kwenye kigoda mlangoni anatazama njia. Mzee anasema, "Mama, menya na ya mgeni. Huenda leo akaja mtu." Bibi anajibu, "Mgeni gani nawe? Njia imeshaota majani." Hata hivyo anamenya moja zaidi. Igizo lenyewe ndilo hilo, na mwishoni mtoto mmoja anarudi na kuikuta ndizi yake chunguni.

Bibi nilikuwa mimi. Mzee alikuwa Gervas, mtoto wa jirani yetu, mfupi, mwenye masikio makubwa, ambaye darasani akiulizwa swali alijibu macho yakiwa miguuni kwake, kwa sauti ya kunong'ona. Kwa nini Mwalimu alimchagua yeye, hakuna aliyejua.

Mimi nilidhani kazi naijua. Nilipinda mgongo, nikatetemesha mikono, nikakohoa, na darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alimpeleka kila mmoja wetu kwa mzee wake, tumchotee maji, tumfagilie uwanja, na tumtazame. Mimi nilipelekwa kwa Bibi Nyamwiza, mjane aliyeishi peke yake chini ya kilima. Siku ya kwanza tu, alipokuwa akielekea jikoni, nikamfuata nyuma nikiuiga mwendo wake, nikitetemeka kumzidi. Nilidhani hanioni. Akasimama bila kugeuka.

"Mwana wanje," aliniita, ndiyo mwanangu kwa Kihangaza. "Unaona natetemeka?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hujaona. Mimi napigana nisitetemeke. Ukitaka kuwa mimi, pigana kama mimi."

Hakunifukuza, wala hakunisema kwa mama yangu. Alinipa kiazi cha kuchoma nikala nikiwa nimeinama kwa aibu. Hujafa hujaumbika, wazee walisema, lakini mpaka siku ile nilikuwa nalisema neno hilo kama kasuku. Kesho yake mazoezini nilishika kisu nikaanza kuuzuia mkono usitetemeke, na wale wale waliovunjika mbavu wakanyamaza. Nakwambia, nilikua siku ile kuliko mwaka mzima wa kula ugali.

Gervas hakuhitaji kukemewa. Yeye alikwenda kwa babu yake mzaa baba, akarudi na namna yake ya kukaa. Alikuwa analishika goti kwanza, analiomba likubali, halafu anashuka kwenye kigoda polepole. Akisema "menya na ya mgeni," unaamini kuna watoto aliowazaa na hawarudi. Na hapo pakatokea kitu ambacho hata Mwalimu alikishangaa. Gervas alianza kujibu maswali darasani. Aliipata sauti yake akiwa mzee, akaibakisha akiwa mtoto.

Baba yake hakulipenda jambo hilo. Baba Gervas alikuwa mkulima mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo ilikuwa kauli yake, na kwake kukunja kulikuwa jembe na malisho. Siku tulipoigiza mbele ya wazazi kwenye uwanja wa shule, mbuzi wake waliachwa bila mchungaji wakaingia kwenye maharage ya watu. Tukiwa katikati ya igizo nikamwona anakuja, fimbo mkononi, amekunja uso. Gervas naye akamwona. Nikajua leo tumeumbuka. Lakini alilishika goti, akalibembeleza, akakaa. "Mama," akaniambia, "menya na ya mgeni."

Baba yake akasimama nyuma ya watu. Akasikiliza kidogo, akageuka, akaondoka kabla hatujamaliza.

"Nyumbani hakunichapa," Gervas aliniambia siku iliyofuata. "Hakusema kitu chochote. Labda amechukia sana."

Nikamwambia asijali, atazoea. Nilisema kwa wepesi, mtoto anavyosema. Gervas alikuwa analitaka neno moja tu kutoka kwa baba yake, akalisubiri siku baada ya siku, na halikuja.

Masika yalipokolea, malaria ikampanda Gervas kichwani. Wanaume walimbeba kwenye machela kumpeleka hospitali, mvua inanyesha, mteremko unateleza. Hawakufika. Walipokuwa wakivuka kijito mmoja wao alimgusa mkono akaukuta umepoa, wakamteremsha, wakakaa naye kidogo kwenye majani, kisha wakamrudisha nyumbani. Mama yake alipozikunja nguo zake alikuta majivu yetu bado yako kwenye kola ya shati la shule. Alikataa kulifua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sisi wengine tunakisia tu.

Makaburini baba yake hakulia. Watu walinong'ona kwamba yule mtu ana moyo wa jiwe.

Igizo lilikuwa limealikwa Kasulo, na baadaye Murukulazo. Tukamwambia Mwalimu hatuendi. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Chungu sikitaki, kisu sikitaki, na nikisikia neno ndizi natoka nje. Mwalimu Kabula hakutulazimisha. Alikunja kanga niliyoivaa nikiwa bibi akaiweka kabatini, na sauti yake ya kucheka ikapotea shuleni.

Ndipo siku moja, tukiwa darasani, Baba Gervas akatokea mlangoni. Tukasimama wote. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Kaeni." Alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Nimesikia mmeacha ule mchezo."

Mwalimu akamwambia ndiyo, watoto wameshindwa.

"Mimi siku ile nilikuja kumtoa kwa fimbo," alisema. "Nikamkuta amekaa. Ameshika goti kama baba yangu. Nikasema moyoni, ala, kumbe huyu atazeeka hivi. Nikaondoka, maana machozi yalikuwa yananitoka mbele ya watu." Akaikunja kofia. "Mzazi haoni uzee wa mwanawe, Mwalimu. Anakuwa ameshatangulia. Mimi niliuona wa Gervas. Kumbe ndio huo tu, hakuna mwingine. Na sikumwambia. Sasa na nyinyi mkiacha, mimi nitauona wapi tena?"

Mwalimu alifuta macho kwa kiganja. "Baba, hatuna wa kumweka kwenye kile kigoda."

"Msimweke mtu. Mzee ametangulia, bibi amebaki. Dunia si ndivyo ilivyo?"

Nikasema kutoka pale nilipokaa kwamba mimi siwezi. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona anatabasamu, tabasamu la mtu anayeumwa. "Wewe si ndiye uliyekuwa mkewe? Basi mimi ni baba mkwe wako. Na mkwe akiomba, hanyimwi."

Tukaenda Kasulo. Kigoda kiliwekwa kitupu, na fimbo aliyoigizia Gervas ikaegemezwa pembeni. Mwalimu alikuwa amenielekeza kwamba nikifika mahali pa mzee, niyaseme maneno yake mimi mwenyewe, kama mjane anayemkumbuka mumewe. Nilikuwa nimeyasema vizuri tu mazoezini. Lakini pale mbele ya watu nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Nilimenya ndizi, nikafika kwenye ule ukimya, nikabaki ndani yake. Watazamaji walidhani ndivyo igizo lilivyo. Mimi nilijua nimekwama, na kwamba nikianza kulia sitanyamaza.

Ikatoka sauti nyuma ya watu, si kubwa.

"Mama, menya na ya mgeni. Huenda leo akaja mtu."

Alikuwa Baba Gervas. Alikuwa ametufuata kwa baiskeli bila kumwambia yeyote, akakaa nyuma kabisa, kama alivyosimama siku ile ya kwanza. Nikajikuta namjibu, "Mgeni gani nawe? Njia imeshaota majani." Mkono ulianza kutetemeka, na mara hii sikuuiga kwa mtu. Nikapigana nao kama Bibi Nyamwiza. Nikachukua ndizi moja zaidi, nikaimenya mpaka mwisho.

Kasulo, Murukulazo, kila tulikokwenda mpaka tulipomaliza darasa la saba, alikuja. Alikaa nyuma, akalisema neno lake moja, akapanda baiskeli akarudi kwa mbuzi wake. Mtu aliyeujia ule mchezo na fimbo akawa mwenzetu, na nafikiri pale nyuma ndipo alipokuwa akilia, kidogo kidogo, msiba ambao makaburini ulimshinda. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Sisi tulitunzwa na yule.

Sasa nitazame mimi, mwanangu. Watoto wangu wako Mwanza na Geita, wanapiga simu Jumapili wakikumbuka. Mume wangu amelala kule kwenye migomba. Jioni ya kwanza baada ya waombolezaji kuondoka, nilikaa jikoni peke yangu na chungu. Siwezi kukudanganya kwamba uchungu ulipungua kwa sababu niliwahi kuigiza. Haukupungua hata chembe. Ila haukunikuta mgeni. Nilikuwa nimeshapita humo nikiwa mtoto, nimeshikwa mkono na mwalimu na baba wa rafiki yangu, na mikono yangu ilijua pa kushika. Nikamenya, nikafika kwenye ule ukimya, nikamenya na ya mgeni. Na mpaka leo namenya. Hii uliyokuwa unaitazama tangu ulipokaa, ukijiuliza bibi huyu wa peke yake anaipikia nani, ndiyo hiyo.

Basi ninachokuomba ni hiki. Usikiache kikundi. Wanaokucheka, waache wacheke, watachoka kabla yako. Ukipewa kuwa mlevi, au mwizi, au mwendawazimu wa sokoni, usimwige ili watu wamcheke. Nenda ukamtazame mpaka ujue anapigana na nini, kisha na wewe pigana hivyo hivyo. Ukifanya hivyo utapata sauti, kama Gervas alivyoipata, na utapata moyo wenye nafasi ya watu wengi, na siku maisha yao yatakapokuwa yako hutababaika. Baba yako mwombe kwa adabu aje kutazama mara moja. Akisimama nyuma na akaondoka bila neno, usidhani amechukia. Na mimi nikimwona nitamwambia, mwanao akifanya la kukugusa, mwambie siku hiyo hiyo, usilale nalo.

Njoo ule, ndizi imeiva. Mungu akulinde na homa za masika, akupe wa kukutazama na wa kukujibu pale utakapokwama. Na uzee utakaouigiza kwa majivu, mwanangu, akujalie uufikie kwa miguu yako.